Pipa Lililonukia Asali

Libérate alikuwa ameshalowesha kofia. Ndiyo kazi yake ya kwanza kila siku boti inapojazwa mafuta: anaichukua ile kofia nzito ya pama aliyoiacha mumewe, anaichovya kwenye kopo la dizeli safi mpaka inywe ishibe, anaikamua kidogo, kisha anaitandaza kwenye mdomo wa faneli. Kofia ikishiba dizeli, maji hayana pa kupita. Yanabaki juu yakitetemeka kama vishanga. Lakini ukiianza kavu inakunywa maji kwanza, na hapo umeshaharibu, hata uchuje namna gani.

Hayo alifundishwa na mumewe Salvator, na Salvator hakuyasoma popote. Alikuwa fundi wa injini kwenye boti za mbao zinazotoka mwalo wa Ikola kwenda kaskazini. Mwaka mmoja alipewa mafuta yenye maji. Injini ilimzimikia katikati ya ziwa, upepo ukawasukuma mpaka upande wa Kongo, na waliporudi walirudi pungufu. Tangu hapo Salvator hakukanyaga tena ubao wa boti. Alijiendea zake Ugalla kutundika mizinga, na kila akituma salamu swali lake ni moja: mafuta mnayalaza?

Maana mafuta yanalazwa. Pipa likifika, Libérate hulilaza juu ya magogo mawili, upande wa mkia uwe chini kidogo, lisiguswe usiku mzima. Maji na uchafu vinateremka vyenyewe kwenda mkiani. Asubuhi anavuta kwa mpira upande wa juu, na ya mkiani hayagusi, hayo ni ya kuwashia kuni. Boti ikirudi, tangi lake nalo lijazwe jioni hadi shingoni, kwa sababu tangi likilala nusu tupu, baridi ya ziwa inalitoa jasho kwa ndani, na jasho hilo nalo ni maji. Watu wa mwaloni walikuwa wanamcheka. "Mama Arcade analaza mafuta kama analaza mtoto."

"Mtoto asiyelala hulia," alikuwa anawajibu. "Haya nayo yakilia, yatalilia majini."

Arcade ndiye mwanawe, na ndiye aliyerithi injini ya baba yake. Unaweza kukataa mengi lakini si kazi, na Ikola kazi ni ziwa. Libérate alikubali kwa sharti moja: mafuta ya boti hiyo yapite mkononi mwake. Mwenye boti akaridhika, maana mtu wa kuchuja bila malalamiko hapatikani kirahisi.

Asubuhi hiyo ya masika, basi, kofia ilikuwa tayari lakini pipa halikuwepo. Dizeli ilikuwa imeadimika Mpanda wiki nzima, vituo vimefungwa kamba, madereva wanalala kwenye foleni. Pipa lilitakiwa lifike jana yake mchana ili lilale. Lori likanasa kwenye tope upande wa Kagwira. Abiria nao walikuwa wameshajaa ufukweni tangu alfajiri, wamekaa juu ya mizigo yao, wamejifunika maturubai, macho yote barabarani.

Lori lilipoingia kwenye kizuizi cha mwalo lilikuwa limepakwa tope hadi kwenye vioo. Juu yake, kati ya magunia ya sembe na makreti ya soda, lilisimama pipa la bluu lililofungwa kamba. Mwenye boti, Yotham, mtu wa Makanyagio, akashuka upande wa dereva huku anaongea.

"Mzigo huo, Mama Arcade. Tujaze tuondoke. Hawa watu watanitoa roho."

"Hata shikamoo, Yotham?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pipa letu si lilikuwa jekundu?"

"Lilitoboka. Hili nimelipata Misunkumilo kwa wale wanunuzi wa asali. Zima kabisa, halina hata kutu."

Libérate alipanda kwenye gurudumu, akaweka pua karibu na kizibo. Lilinukia asali, nzuri, ya miombo, kama nguo za Salvator anaporudi.

"Limeoshwa na nini?"

"Maji ya moto. Linang'aa ndani kama sufuria ya bibi harusi."

"Likaanikwa juani?"

"Jua gani, mama, masika hii?"

Asali na maji ni ndugu, na dizeli si jamaa yao. Asali iliyobaki kwenye mshono wa pipa imeshika maji ya kuoshea, na dizeli ikimiminwa juu yake haiviondoi, inavifunika tu. Kule Mpanda hakuna wa kulijua hilo. Kwao pipa safi ni pipa safi.

Bado hilo lilikuwa na dawa. Alilaze, litulie, kesho achuje. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia Yotham wakati afisa wa mwalo alipotoka kibandani na koti lake refu la mvua. Jina lake Patrick. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu, alikuwa mtu wa kukumbusha kwamba yupo.

"Hiyo nini?"

"Dizeli, afisa," Yotham akasema, akitoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. "Kibali hiki."

"Kibali nimekiona. Kibali kinasema dizeli. Mimi sijaona dizeli, nimeona pipa. Mnatuletea petroli kwenye mapipa, boti zinaungua, naulizwa mimi. Fungua."

"Afisa, mvua," Libérate akasema.

"Mvua inanyesha kwa wote, mama."

Dereva akaleta spana, kizibo kikafunguliwa. Patrick akang'oa ufito kwenye uzio, umelowa chapachapa, akautumbukiza hadi chini, akautoa, akaunusa. Akataka kusema neno, simu ikaita. Akasogea chini ya ukingo wa bati akapokea, na kizibo kikabaki wazi.

"Ndiyo mkuu. Semina ya kesho ninayo. Usalama majini, ndiyo. Nitaondoka leo hii hii na hili lori. Malazi je, yamepangwa?"

Pipa lililosimama wima lina sahani yake juu, kwa ule ukingo ulioinuka. Sahani ile ikajaa. Maji yakazunguka yakitafuta njia, yakalipata tundu, yakawa yanaingia kwa furaha, yanafanya sauti ya mtoto anayekunywa. Libérate alivua kitenge cha begani akapanda kulifunika.

"Wewe mama," Patrick akasema bila kuondoa simu sikioni. "Toa mkono. Mzigo uko kwenye ukaguzi."

Akautoa. Akakaa pale kwenye gurudumu, mvua inampiga mgongoni, anayatazama maji yakiingia. Afisa aliongea malazi, akaongea chakula, akacheka na mtu aliyekuwa upande wa pili. Alipomaliza akapunga mkono.

"Ni dizeli. Pitisheni."

*

Kwenye kibanda cha kuhifadhia vifaa vya boti, Libérate alitumbukiza mpira hadi chini ya pipa, akavuta, akajaza chupa ya soda iliyo wazi. Akaisimamisha juu ya jiwe. Dizeli ilikuwa imechafuka kama uji wa ulezi. Taratibu, chini kabisa, pakaanza kujikusanya kitu kingine, kizito, cha rangi ya chai.

Arcade alikuja mbio kutoka kwenye boti, amepandisha suruali hadi magotini. Kijana mrefu, mwepesi wa kucheka, lakini alipoiona chupa hakucheka. Alichovya kidole mdomoni mwa mpira, akakionja.

"Ina utamu," akasema.

"Ina utamu na ina maji. Injini yako inakula asali?"

"Mama, nitakuwa nafungulia maji kwenye kikombe cha filta njiani. Yakijaa namwaga."

Kikombe cha filta ni kile cha kioo kinachoning'inia chini ya chujio la injini, kidogo kama kikombe cha kahawa. Maji yakipita kwenye tangi, hapo ndipo yanaponaswa. Ndicho mlango wa mwisho.

"Kikombe kinashika maji ya jasho," Libérate akasema. "Hakishiki mvua ya masika. Utamwaga mara ngapi na mawimbi yanakutikisa? Baba yako naye alikuwa anamwaga."

Arcade akatazama chini. "Basi mwambie bosi."

Alimwambia. Yotham alisikiliza huku anaangalia ziwa, maana asubuhi hiyo lilikuwa limelala shwari, na kila mtu wa Ikola anajua kwamba shwari ya asubuhi si ya mchana.

"Kesho," Yotham akasema. "Unaniambia kesho. Ruhusa ya kutoka imegongwa muhuri wa leo. Kesho huyu bwana hayupo, yuko semina, na asipokuwepo hakuna wa kugonga mpaka arudi. Abiria hawa nitawalisha nini? Wengine hata nauli walishalipa na mimi nikaila, unaelewa? Mafuta yenyewe nimeyapata kwa kupiga magoti. Chuja kwa hiyo kofia yako, twende."

"Kofia inazuia maji kidogo, Yotham. Haya si kidogo."

"Wewe chuja."

Kelele zikawaleta abiria. Aliyetangulia alikuwa Scolastica, jirani yake, wanaimba kwaya moja kigangoni, amejifunga kanga ya msiba kiunoni. Kaka yake alikuwa amefariki Kalya, njia ya gari ya huko imekatika kwa mvua, na huko wanamngoja yeye dada mkubwa aje amfunue uso ndipo wazike.

"Mama Arcade, nasikia ni wewe unayetukalisha."

"Scola, mafuta yana maji."

"Kaka yangu hana barafu. Unanielewa? Yuko ndani kwa mkewe, kwenye mkeka. Nikichelewa watamfukia bila mimi."

"Wakimzika bila wewe utalia mwaka mzima, nami nitalia na wewe. Lakini ukiingia humo na..."

"Usimalizie," Scolastica akasema. "Usinitamkie kifo. Nimeshavaa cha mwingine."

Libérate akaichukua ile chupa akaenda nayo kibandani kwa afisa, maana ndiye mwenye neno la mwisho, na mtu mwoga hukimbilia penye muhuri. Patrick alikuwa anapanga begi lake la safari.

"Afisa, boti ya Yotham isitoke leo. Tazama."

Akaitazama chupa kwenye mwanga. "Hii nini chini?"

"Maji."

"Sasa sikiliza mama yangu. Mimi naangalia maboya. Maboya yapo. Naangalia idadi ya watu, iko sawa. Naangalia taa na nahodha. Vyote nimeangalia. Mafuta ndani ya tangi hayapo kwenye kazi yangu."

"Yalikuwa kwenye kazi yako pale mvuani ulipofungua."

"Nilifungua kuhakikisha ni dizeli. Si ni dizeli?"

Watu waliokuwa mlangoni wakacheka kidogo. Kicheko kile kilimpa nguvu.

"Nyie wa Mishamo," akaendelea, "juzi tu mmepewa uraia, leo mnataka mpewe na bandari."

Libérate alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama yake ndiye aliyevuka kutoka Burundi na mtoto mgongoni, na mtoto huyo hakuwa yeye. Karatasi ya uraia anayo, ameikunja ndani ya Biblia. Lakini maneno kama hayo hayana jibu; ukijibu unaonekana unajitetea, ukinyamaza unaonekana umekubali. Alichukua chupa yake akatoka.

Aliporudi, Yotham alikuwa ameshaanza kujaza mwenyewe. Kofia ya Salvator ilikuwa juu ya faneli, imevimba, imejaa maji juu kama bakuli, hata tone halipiti. Ilikuwa inafanya kazi yake.

"Hii inapitisha mwendo wa kinyonga," Yotham akasema, akaitoa, akaitupa mchangani. Wakaanza kumimina kwa ndoo. Ndoo baada ya ndoo, na ya mwisho waliinamisha pipa, ikatoka ile ya mkiani yenyewe, rangi ya chai, inanukia vizuri.

Arcade ndiye aliyekuwa anapokea ndoo. Hakumwangalia mama yake.

*

Mtu akikwambia kwamba alipanga, usimwamini; mama hapangi. Libérate aliokota kofia, akaikung'uta mchanga. Akaenda nyumbani, akachukua ugali wa mwanawe na dagaa kwenye bakuli lenye mfuniko kama kila safari, akapanda nao kwenye boti. Hakuna aliyemzuia. Abiria walikuwa wanapandisha mizigo upande wa mbele, Arcade anavuta gunia pamoja nao. Huku nyuma kwenye injini hapakuwa na mtu.

Aliliweka bakuli. Akafunga koki ya tangi kama alivyokuwa anamwona Salvator akifunga. Akapeleka mkono chini ya filta, akashika kile kikombe cha kioo, akakizungusha. Kilikuwa kimekaza. Akakishika kwa pindo la kitenge, akazungusha tena, kikalegea, kikamwangukia kiganjani na dizeli yake. Na kabla injini haijawashwa hata mara moja, chini ya kikombe pale palikuwa tayari pana tone la maji linabingirika kama jicho la samaki.

Akakimwaga, akakifunga kwenye pindo, akashuka.

Nahodha alipoagiza injini iwashwe, Arcade akazungusha. Ikageuka, ikakohoa hewa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Akainama chini ya filta, akakaa ameinama kwa muda kidogo. Aliponyanyuka alitazama moja kwa moja ufukweni, akamwona mama yake amesimama na kofia mkono mmoja na ile chupa mkono wa pili, na hakuhitaji kuuliza. Akaruka majini, akaja hadi kwake.

"Mama, kikombe," akasema kwa sauti ya chini.

"Ninacho. Kesho asubuhi, mafuta yakishajitenga, nitakufungia mwenyewe."

"Mama, usinizingue. Watu wote wananiangalia mimi."

"Waache wakuangalie ukiwa hapa."

"Claude anaitaka hii kazi tangu Pasaka. Leo hii bosi akisema neno, nimeisha. Nitafanya nini? Nikalime? Shamba gani?"

"Utalala njaa mbele ya macho yangu."

Arcade akafuta uso kwa kiwiko. "Unaniaibisha," akasema, na sauti ilimkatika kama ya mtoto. Libérate alitamani amshike kichwa. Hakumshika, kwa sababu angemshika angempa.

Yotham naye akafika, na abiria nyuma yake, na sasa hayakuwa tena mambo ya mafuta. Ilikuwa yeye. Huyu mama ana wivu. Huyu mama ana mashetani ya mumewe. Scolastica alisimama kando, anamtazama tu, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

"Kikombe changu," Yotham akasema. "Huo ni wizi, mama. Nakuheshimu lakini huo ni wizi."

"Andika wizi."

"Mpekueni," mtu akapiga kelele.

Patrick akaja amevaa viatu vya safari. Akauliza kikombe kiko wapi. Libérate akasema kiko mwilini mwake. Afisa akamgeukia mgambo wake, mzee Elias, Elias akarudi nyuma hatua.

"Mimi simpekui mama wa watu, afisa. Anapekuliwa na mwanamke mwenzake, askari."

"Askari wa kike yuko wapi?"

"Mpanda."

Hata waliokuwa na hasira walicheka. Patrick hakucheka. Aliinyang'anya ile chupa ya soda mkononi mwa Libérate, akasema hicho ni kielelezo, kwamba alikitumia kuleta taharuki kwa abiria. Akaamuru mama afungiwe kwenye chumba cha nyuma cha ofisi mpaka askari wa kike apatikane. Kwa hiyo walimpeleka, Elias anatembea pembeni yake polepole kama anayesindikiza mgeni, na chupa ikawekwa juu ya meza ya afisa, wima.

*

Chumba kilikuwa cha kuwekea nyavu haramu zilizokamatwa. Kilinuka samaki wa zamani. Kilikuwa na mlango wa nondo unaotazama mezani kwa afisa, na kidirisha kinachotazama paa la jirani. Ziwa halionekani, linasikika tu. Libérate alikaa juu ya nyavu. Kikombe kilikuwa pajani, baridi, kimetulia.

Akashangaa kwamba moyo ulikuwa umetua. Wamemtukana, sawa. Mwanawe atamnunia, sawa. Kununa kuna mwisho wake. Mtu mzima anakuja kula jioni amenuna, unampa mboga, anakula. Alisikia lori likiwashwa, likiondoka na afisa wake kwenda kufundishwa usalama majini. Akasikia upepo wa kwanza ukigusa bati. Akasema kimoyomoyo, vuma. Vuma waone.

Halafu akasikia injini.

Alidhani ni boti nyingine. Lakini mama anaijua injini ya mwanawe kama anavyokijua kikohozi chake. Ile ya Yotham ina mlio wa kukwaruza kidogo mwishoni mwa kila pigo, kwa sababu ya ringi iliyochakaa. Ilikuwa ile.

Akasimama kwenye nondo. "Elias! Mzee Elias!"

Elias akaja, anatafuna muwa, uso wake umechangamka. "Mama Arcade, una kijana fundi, nakuambia. Umempata kweli."

"Wamewashaje? Kikombe ninacho hapa."

"Si ndiyo nakuambia. Yotham alisema kama Arcade hawezi anamwita Claude. Kijana kafikiri kidogo tu. Kachukua kipande cha mpira, kaitoa filta yote, kaunganisha bomba la tangi moja kwa moja na injini. Pap, ikawaka. Watu wakapiga makofi."

Libérate alishika nondo kwa mikono miwili.

Filta yote. Kikombe kingekuwepo, kingeshika walau tone la kwanza, na la pili, na Arcade angekuwa anamwaga, angekuwa anaona. Sasa hakuna wa kushika. Kati ya lile pipa la asali na injini ya mwanawe hapakuwa na kitu chochote isipokuwa kipande cha mpira. Na aliyekiondoa kile kilichokuwepo ni yeye.

"Nifungulie."

"Ufunguo kaondoka nao afisa."

"Basi chukua hiki." Alikifungua kitenge, akapitisha kikombe kati ya nondo. "Mpelekee. Mwambie mama amesema arudishe filta, afunge kikombe, aende. Aende tu, sikatai tena. Kimbia, Elias, kimbia baba."

"Nimeambiwa nisiondoke mlangoni."

"Elias, wewe una watoto."

Mzee aliutazama muwa, akautupa, akakichukua kikombe akatoka mbio na magoti yake mabovu. Libérate alibaki anasikiliza. Mlio uliongezeka, wakati boti inageuza pua. Ukawa mrefu, sawasawa, wakati inashika njia. Elias aliporudi alikuwa anahema, na kikombe bado kilikuwa mkononi mwake.

"Nimepunga mkono. Wamenipungia na wao," akasema. "Walidhani nawaaga."

Akakirudisha kupitia nondo, kwa heshima, kama anarudisha sahani ya jirani.

Upepo sasa ulikuwa unapiga bati kwa nguvu. Wakakaa wote wawili, mmoja ndani mmoja nje, wanasikiliza mlio ukielekea kwenye lile jabali linaloingia ziwani. Ulikuwa unakwenda vizuri. Halafu ukaruka pigo moja.

"Umesikia?"

"Upepo huo," Elias akasema.

Ukashika tena. Ukaenda. Ukaruka pigo, ukaruka la pili, ukashika, lakini sasa ulikuwa mwembamba, kama mtu anayeongea huku anameza. Libérate aliufuata kwa sikio lake lote, hata pumzi aliizuia ili isimsumbue. Kisha hapakuwa na kitu isipokuwa bati na mawimbi.

"Wamekata kona ya jabali," Elias akasema.

"Wamekata kona, au imezima?"

Elias alitega sikio. Alivua kofia yake ya mgambo ili asikie vizuri.

Mezani kwa afisa kielelezo kilikuwa kimesimama vilevile kilivyoachwa. Hakuna aliyekuwa amekigusa. Juu dizeli ilikuwa imetakata, ya rangi ya dhahabu, ukitazama kupitia kwake unaona kalenda ya ukutani. Chini yake maji yamekaa kimya, mstari kati yao umenyooka. Yalikuwa yamejitenga yenyewe, kwa muda ule ule waliosema hawana.